Makala ya Marekani Runingani: Yapi Yanalipa Bando?

Mtu wa Mombasa anayetaka kuijua historia ya Marekani kupitia runinga aanze na Eyes on the Prize, si na ule mfululizo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambao kila mtu huutaja kwanza. Huo wa vita nao ni kazi kubwa, na tutaufikia. Lakini makala ya historia hupimwa kwa maswali mawili: picha hii imetoka wapi, na huyu anayesema amejuaje? Kwa maswali hayo, Eyes on the Prize unaongoza kwa mbali.

Mfululizo huo ulitengenezwa na Henry Hampton na kampuni yake, Blackside ya Boston. Sehemu 6 za kwanza zilirushwa 1987, nyingine 8 zikafuata 1990, jumla 14, kila moja karibu saa nzima. Zile 6 zinaanzia 1954 na kuishia 1965, yaani miaka ya kupigania haki za Wamarekani weusi kule Kusini. Sharti la Hampton lilikuwa kwamba anayehojiwa awe alikuwepo. Humuoni profesa aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu akikutafsiria. Wanaosema ni waliotembea, waliopigwa, na hata waliokuwa upande wa pili: Joseph Smitherman, meya wa Selma, mji wa Alabama ambako waandamanaji walipigwa mwaka 1965, anahojiwa kama wenzake na anaachiwa amalize sentensi zake. Msimulizi, Julian Bond, alikuwa mwanaharakati wa miaka ileile, ila sauti yake haipandi wala haililii mtu. Anataja tarehe na mahali, kisha anawapisha waliokuwepo.

Sehemu ya kwanza ikifika kwenye mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, watu weusi walipokataa kuyapanda kwa sababu ya ubaguzi, tazama bila kukatiza. Mgomo ulianza Desemba 1955 ukaendelea siku 381. Makala mengine yangekupa hotuba ya kanisani na kuishia hapo. Haya yanaonyesha pia usafiri mbadala ulivyopangwa: nani ana gari, abiria wakutane wapi, yaya na mpishi anayefanya kazi mtaa wa Wazungu afikeje asubuhi. Yeyote aliyekwama Mwembe Tayari siku matatu zimegoma ataona mara moja jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nzito, kuipanga kila siku kwa zaidi ya mwaka mzima.

Yapo pia ya kwetu humo, ingawa hayatajwi. Wakili Thurgood Marshall, aliyeshinda kesi ya kupinga ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954, ndiye aliyekuja kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960, ujumbe ulioongozwa na Ronald Ngala wetu wa Pwani. Ukilijua hilo kabla, sehemu ya pili, inayohusu shule, utaitazama kwa jicho jingine.

Sasa hitilafu. Haki za kutumia picha za zamani na muziki zilinunuliwa kwa muda maalumu, na muda huo ulikwisha katikati ya miaka ya 1990. Mfululizo ukatoka hewani, na haukurudi runingani hadi 2006 baada ya haki kulipiwa upya. Ndiyo maana nakala nyingi zinazozunguka zimerekodiwa kutoka kwenye kanda za VHS: rangi zimevuja, sauti ina mvumo. Kabla ya kulipia au kupakua, hesabu sehemu. Zikiwa 6 umepewa chini ya nusu, na zile 8 zilizokosekana ndizo zenye miji ya Kaskazini, ambako ubaguzi ulikuwa wa nyumba na kazi bila kibao cha kuutangaza.

Ule wa vita, The Civil War wa Ken Burns, unaohusu vita vya 1861 hadi 1865 kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, ulirushwa kwa usiku 5 mfululizo Septemba 1990. Una sehemu 9, zaidi ya saa 11. Ustadi wake mkubwa ni kuifanya picha mgando itembee. Kamera inaanzia kwenye mkono wa askari ulioshika mtutu, inapanda polepole kwenye vifungo vya koti, inafika usoni na kusimama. Wakati huohuo mtu anasoma barua ya nyumbani. Barua za Rais Abraham Lincoln na hotuba za Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani wa utumwa, zinasomwa na waigizaji, Sam Waterston na Morgan Freeman. Mbinu hiyo imeigwa kiasi kwamba programu za kuhariri video zimeipa jina la Burns.

Hapo ndipo mtazamaji awe macho. Fidla ile ya huzuni inayorudi kila mara, ambayo wengi huidhania wimbo wa askari wa 1862, ilitungwa na Jay Ungar mwaka 1982. Mizinga na kunguru unaowasikia wametiwa studioni, maana mashine ya kurekodi sauti na kuirudisha ilikuja 1877, miaka 12 baada ya Lincoln kuuawa. Anayezungumza kuliko wote ni Shelby Foote, mtunzi wa riwaya mwenye kipaji cha kusimulia, ambaye huwaonea huruma watu wa Kusini. Barbara Fields, mwanahistoria anayeeleza kwamba watumwa wenyewe walichangia kuusukuma uhuru wao, anapewa muda mchache mno. Na mwishoni unaletewa wazee wa pande mbili wakipeana mikono Gettysburg, palipopiganwa pigano kubwa la vita hivyo, miongo kadhaa baadaye. Picha inaliza, lakini inafunika miaka iliyofuata vita, watu weusi walipopata kura kisha wakapokonywa. Walipigania upande wa Muungano, yaani Kaskazini, wanajeshi weusi wapatao 180,000. Mwisho unaostahiki ungewapa hao nafasi kubwa zaidi.

Kuhusu picha zenyewe, yafaa kujua kamera ya enzi ile ilifanyaje kazi. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi, kikafunuliwa kwa sekunde kadhaa, kisha kikasafishwa papo hapo kwenye gari la giza. Askari anayekimbia angetoka kama moshi. Kwa hiyo hakuna picha ya vita hivyo inayoonyesha watu wakishambuliana uso kwa uso. Zilizopo ni kambi, magofu, maofisa waliojipanga, na maiti. Hata maiti waliwahi kusogezwa. Mpiga picha Alexander Gardner na wenzake, Gettysburg mwaka 1863, walimhamisha askari mmoja aliyekufa hadi penye ukuta wa mawe, wakamwekea bunduki ili aonekane mdunguaji. Jambo hilo lilibainishwa miaka ya 1970 kwa kulinganisha picha. Makala yakikuonyesha "mapigano" ya 1863, unachotazama ni maigizo, mchoro au uongo. Filamu za kutembea zinaanzia miaka ya 1890. Sauti inayolingana na midomo haikuenea hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Na zile filamu za bubu ambazo watu wanatembea mbiombio kama wana haraka, zilipigwa kwa takribani picha 16 au 18 kwa sekunde, sasa zinachezwa kwa 24. Mtengenezaji makini huzirudisha kwenye mwendo wake.

Mipangilio ya runinga nayo huharibu kazi nzuri. Nakala za zamani za mifululizo hii miwili zina umbo la 4:3. Runinga zetu pana huzivuta zijaze kioo, na Lincoln, aliyekuwa mrefu mwembamba kama mnazi, anageuka bonge. Bonyeza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti uchague 4:3. Mistari myeusi pembeni ndiyo sahihi. Zima pia ile kazi ya kulainisha mwendo, inayoifanya filamu ya 1990 ionekane kama kipindi cha mapishi cha asubuhi. The Civil War ulisafishwa upya 2015 kutoka kwenye negativu zake, kwa hiyo nakala hiyo ina haki ya kutazamwa kwa mistari 1080. Lakini nakala ya kale ya video ya Kimarekani ina mistari 480 tu. Kuitiririsha kwa 1080 ni kumwaga bando, kwa sababu unalipia mara tatu au nne ya data kwa picha ileile. Kwa 480 hesabu kati ya MB 500 na 700 kwa saa.

Jamaa akikuletea diski ya DVD kutoka Marekani, muulize kwanza imewekewa eneo gani. Za kule ni eneo la 1, Kenya tuko eneo la 5, na deki nyingi za dukani zitaikataa. Deki yenyewe akiileta, asome nyuma: iliyoandikwa 120V peke yake itaungua siku ya kwanza kwenye umeme wetu wa 240. Kwa wa dishi, mvua kubwa ya masika hukata mawimbi, na hapo hakuna dawa ila kungoja. Lakini picha ikivunjika vipande siku ya jua kali, panda ukague kiungio cha waya kwenye LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Chumvi ya bahari hukila kikawa cha kijani. Kata, weka kipya, kizungushie mpira wa kuzuia maji. Na kwa kuwa feni haizimiki Mombasa, washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Lafudhi za Alabama na Mississippi pamoja na mvumo wa feni hazisikiki.

Vituo vya kibiashara vinahitaji subira nyingine. Saa moja ya kipindi cha Kimarekani chenye matangazo hubeba dakika 42 hadi 44 za kipindi, na hata hizo hazijai. Kabla ya tangazo unaambiwa kinachokuja, baada yake unakumbushwa kilichopita. Yakishaondolewa matangazo, marudio yale yanabaki yamesimama kama nguzo bila paa. Halafu kuna maigizo: sare mpya zisizo na jasho, moshi mwingi, nyuso zilizofichwa ili waigizaji 10 waonekane jeshi. Maigizo si dhambi yakitajwa kuwa maigizo. Shida ni yanapochanganywa na picha halisi na kutiwa rangi ileile iliyofifia, mtazamaji asijue lipi ni lipi.

Maisha ya kila siku ndiyo yenye utajiri ambao watu wa kwetu hawaufikii, kwa sababu hautangazwi. Frederick Wiseman, mwanasheria aliyegeukia filamu, kwa kawaida alitazamisha taasisi moja tu katika kila filamu. Hakuna msimulizi, hakuna muziki, hakuna mahojiano. Yeye mwenyewe alishika kinasa sauti, mwenzake akashika kamera. High School ya 1968 ni shule ya sekondari ya Philadelphia, dakika 75, inayomalizikia na mkuu wa shule akisoma barua ya mwanafunzi wa zamani anayepelekwa Vietnam, kwa fahari, kana kwamba ni cheti. Welfare ya 1975 inakaribia saa tatu ndani ya ofisi ya misaada ya New York. Mama ana faili, anatumwa dirisha jingine, dirisha hilo linataka karatasi iliyo kwa yule wa kwanza. Mtumishi naye amechoka, na sheria hakuitunga yeye. Anayejua foleni za ofisi zetu hahitaji kutafsiriwa hata neno. Zinachosha dakika 20 za mwanzo, kwa kuwa hakuna anayekuambia umhurumie nani. Vumilia; baada ya hapo unaanza kusikia jinsi watu wanavyosemeshana, na huko ndiko Marekani iliko.

An American Family ya 1973, sehemu 12 juu ya familia ya Loud ya Santa Barbara, ina jina kubwa kwa kuwa mama anaomba talaka mbele ya kamera. Familia ililalamika baadaye kwamba uhariri uliwachagulia mabaya. Tazama sehemu mbili tatu, inatosha.

The Dust Bowl ya 2012, saa 4, ni ya mkulima. Inaonyesha kwa utaratibu jinsi nyanda za kusini zilivyolimwa hadi nyasi asili zikaisha wakati ngano ina bei, kisha ukame wa miaka ya 1930 ukaikuta ardhi tupu. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana usiku, na waliokuwa watoto siku ile wanaisimulia wakiwa wazee. Maafisa wa kikoloni hapa Kenya waliisoma habari hiyo kwa hofu, na kampeni za kuhifadhi udongo zikaja Ukambani pamoja na amri ya kupunguza mifugo, iliyosababisha watu kuandamana na Muindi Mbingu mwaka 1938.

Lipo pengo moja ambalo mtazamaji wa Pwani atalijaza mwenyewe. Saa za The Civil War zinagusia pamba na watumwa walioilima. Hazisemi nguo iliyofumwa kwa pamba hiyo ilikwenda wapi. Ilikuja huku. Kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikiita merikani kilipata jina lake kwa meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilizotia nanga Unguja, baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kilipanda bara na misafara kikitumika kama fedha, na meli zikarudi na sandarusi ya vanishi na pembe za ndovu, zilizochongwa vitufe vya piano huko Connecticut. Vita vilipozuka 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika sokoni, na kitambaa cha Uingereza na cha India kikapata nafasi.