Left 4 Dead 2 mezani kwetu Nakuru: nani acheze, nani alale

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, saa mbili usiku, mpwa wangu Kevo alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Aunti, nimebebwa! Nimebebwa!" Kwenye skrini, kiumbe kidogo chenye kibyongo kilikuwa kimemrukia mabegani, kinamwendesha kama punda kuelekea ukingo wa jengo. Binti yangu Neema akageuka, akakipiga risasi mbili, kikaanguka. Kisha akamtazama binamu yake anavyochechemea, akampa vidonge alivyokuwa amejiwekea mwenyewe. Hawa ni watoto waliokuwa wamenuniana mchana kutwa kwa sababu ya chaja moja ya simu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Duka langu ni chumba kimoja Mburu Gichua Road, na kila shule zikifungwa wazazi huniletea laptopu wakisema, "Niwekee gemu hapo, watoto wasizurure." Hawaulizi ni gemu gani. Vijana nao huomba sana Left 4 Dead 2, gemu ya watu wanne kupigana na mazombi, kwa sababu haichagui mashine. Kampuni ya Valve iliitoa Novemba 2009. Inataka RAM ya GB 2 tu na nafasi ya GB 13 kwenye diski, kwa hiyo hata kompyuta za mtumba za ofisini, hizi zinazoletwa kutoka Uingereza, huiendesha vizuri kabisa. Nimeicheza na familia yangu likizo mbili mfululizo kabla ya kuandika haya. Nilitaka kujua ninawawekea nini watoto wa watu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ugonjwa umeenea kusini mwa Marekani, na watu wanne wasiojuana wanahangaika kutoka Savannah, Georgia, hadi New Orleans wakitafuta wa kuwaokoa. Coach ni mwalimu na kocha wa shule, mwanamume wa mwili mkubwa. Rochelle anafanya kazi ya habari za televisheni. Nick ni mcheza kamari aliyevaa suti nyeupe, na Ellis ni makanika kijana asiyenyamaza. Kevo ana miaka 18 na anajifunza umakanika kwenye gereji ya jua kali, kwa hiyo alimchukua Ellis siku ya kwanza na hajawahi kumwachia mtu. Neema, 16, ni Rochelle. Mimi ni Coach. Nick tunaiachia kompyuta imwendeshe: anatibu wenzake bila kuombwa, ila hawezi kuokota bomu hata liwe miguuni pake.

Tunatumia mashine tatu zilizounganishwa kwa kebo kwenye rauta ya nyumbani, na nakala tatu, kwa sababu kila mchezaji anahitaji yake. Bei ya kawaida kwenye Steam, duka la gemu la Valve mtandaoni, ni dola 9.99, lakini wakati wa punguzo hushuka mpaka chini ya dola 2, na hapo ndipo niliponunua kwa kadi ya M-Pesa. Mnunuzi asihangaike na gemu ya kwanza ya 2008. Safari zake zote, yaani sehemu za hadithi yake, ziliongezwa humu ndani baadaye, pamoja na wahusika wake.

Sasa niseme kinachonifanya niipende.

Gemu nyingi zinazojiita za kushirikiana ni watu wanne wanaopiga risasi upande mmoja. Unaweza kumaliza bila kujua mwenzako yuko wapi. Hapa haiwezekani, na sababu imejengwa ndani ya maadui wenyewe. Smoker anakuvuta kwa ulimi kutoka mbali. Hunter anakurukia na kukulaza chini. Charger anakubeba mbio na kukugonga sakafuni, na Jockey ndiye huyo aliyempanda Kevo. Mmoja wao akishakushika, bunduki yako ni chuma tu. Hakuna kitufe cha kujiokoa. Ni mwenzako aje, na kama ulimkimbia ukamwacha nyuma nusu kilomita, utakufa ukimwita. Ukiishiwa nguvu unaanguka, na lazima mtu apige magoti akuinue huku wengine wakizuia umati. Ukishainuliwa mara mbili bila kutibiwa, mara ya tatu huinuki.

Kevo alikuwa mtu wa mbele. Siku tatu za kwanza alikuwa anatangulia, anashikwa, anafoka kwamba tunachelewa. Siku ya nne, bila mtu kumhubiria, nilimsikia akisema, "Ngojeni Aunti, bado anaweka risasi." Mimi nimemlea kijana huyu tangu akiwa darasa la tatu na sikumbuki kumsikia akimngoja mtu.

Halafu kuna ile sehemu wanayoiita AI Director. Ni programu ndani ya gemu inayofuatilia jinsi wachezaji wanavyoendelea, kisha inaamua mazombi watoke wapi, wangapi, na dawa ziwekwe chumba gani. Mkiwa hoi inawapa nafasi ya kupumua. Mkitulia sana inawamwagia umati. Ndiyo maana hatujachoka. Njia ni ileile lakini hofu haikai mahali pamoja.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni Hard Rain. Mashua imewashusha mji fulani, nanyi mnakwenda kutafuta dizeli, mnapita ndani ya kiwanda cha sukari kilichoachwa na shamba la miwa, kisha mnarudi kwa njia ileile. Ila sasa mvua imenyesha na maji yamejaa. Wazazi wangu walikuja Nakuru kutafuta kazi, lakini kwetu ni Mumias, na likizo zangu zote za utotoni zilipita kwa nyanya kando ya miwa. Najua miwa inavyofunga pande zote ukakosa kuona hata kiganja chako. Waliotengeneza gemu hii walilijua hilo pia. Humo kwenye miwa na kiwandani wamewaketisha Witch kadhaa, wanawake waliokonda wanaolia. Ukimmulika tochi au ukimsogelea sana, anainuka na mmoja wenu anaanguka. Kwa hiyo mnazima tochi, mnanyamaza, mnapita mmoja mmoja. Upepo ukivuma hamsikiani. Usiku ule tulinong'onezana mezani kwetu kana kwamba yuko sebuleni.

Makosa inayo, nayataja haraka. Haipo kwenye PlayStation. Menyu zake zina sura ya zamani. Matusi yapo, ya wahusika wenyewe. Stima ikipotea na mashine inayowabeba wengine ikizimika, wote mnatupwa nje, kwa hiyo sisi huanzishia gemu kwenye laptopu yenye betri nzuri.

Sasa watoto.

Alama rasmi haziachi shaka. Marekani gemu hii iko kundi la miaka 17 na zaidi, kwa damu, ukatili mkali na lugha. Ulaya ni 18. Australia mwaka 2009 waliikatalia kabisa, wakakubali toleo lililokatwakatwa ambamo maiti hutoweka na viungo havikatiki. Toleo kamili halikuruhusiwa huko mpaka 2014, tena kwa watu wazima tu. Sisi tumezoea kuona 16 au 18 ya bodi yetu ya filamu tukaiheshimu, lakini ikija kwenye gemu tunasikia neno "gemu" tunadhani ni kitu cha watoto. Mwanangu wa mwisho, Baraka, ana miaka 9, na mara ya kwanza aliiona hii si kwangu. Aliiona kwenye sehemu moja ya kuchezea gemu mjini, shilingi 50 kwa saa, ambapo watoto wa kimo chake walikuwa wameketi mbele ya skrini na mwenye mahali akihesabu dakika tu. Hilo lilinikasirisha na bado linanikasirisha.

Nyumbani Baraka hulala kabla hatujaanza. Usiku mmoja hakulala. Tulikuwa Swamp Fever, kwenye kinamasi, na nilipogeuka kuchukua chai nikamwona nyuma ya pazia. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Akaniuliza, "Mum, hawa ni wafu ama ni wagonjwa?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa juu ya gemu hii, na jibu lake ni baya. Katika gemu nyingine zombi ni mfu aliyefufuka. Hapa si wafu. Ni watu wazima wa kawaida walioambukizwa ugonjwa, bado na nguo zao za kazini, polisi na sare yake, muuguzi na yake. Nikamwambia ukweli: ni wagonjwa. Akasema, "Si wangepelekwa hospitali?"

Sikuwa na la kumjibu. Na wakati huohuo Kevo alikuwa ameokota panga.

Silaha za mkononi ni fahari ya gemu hii ya pili. Kuna shoka, gitaa, gongo la kriketi, kikaango, msumeno wa injini. Ukipiga, miili inafunguka kwa namna iliyochorwa kwa bidii: mkono unatoka, tumbo linaonekana ndani. Kwa kijana wa mbali panga ni silaha moja tu katika orodha. Kwa mtu wa Nakuru si hivyo. Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, tukiishi mtaa wa Kaptembwo. Zile siku za mwisho wa mwezi niliona mapanga mikononi mwa vijana niliowajua kwa majina, wakikimbilia watu niliowajua kwa majina. Tulilala Showground, uwanja wa maonyesho, na blanketi moja. Nilipoliona panga lile kwenye skrini likishuka juu ya mtu aliyevaa shati la kazini, niliweka kikombe chini na nikazima mashine zote tatu bila kuhifadhi chochote.

Kevo hakuelewa. Alikuwa mtoto mchanga wakati ule. Usiku huo nilimweleza yeye na Neema mambo ambayo sikuwa nimewahi kuwaeleza, mpaka saa saba. Tukakubaliana kwamba kwetu panga libaki chini lilipo, hata kama limetusaidia kupita. Wamelishika agano hilo hata nisipokuwepo. Nimewasikia kutoka jikoni wakikumbushana.

Baraka naye wiki nzima hakutaka kwenda choo cha nje peke yake. Paka wa jirani alikuwa akilia usiku, na mtoto akasema ni yule mwanamke. Mlio wa Witch umetungwa uingie mwilini, na mtoto wa miaka 9 hana mahali pa kuuweka.

Kwa hiyo mzazi akileta laptopu dukani kwangu sasa, naanza kwa kuuliza miaka ya mtoto. Chini ya 16 siweki, hata nikilipwa mara mbili. Wapo walionikasirikia wakaenda kwa fundi mwingine. Kwa wa 16 naweka mzazi akiahidi kukaa naye, kama ninavyokaa na Neema, na najua hapo nimeshuka chini ya alama rasmi. Nimeamua hivyo nikiwa nimeketi kiti cha pembeni, si kwa kusikia. Naongeza pia -lv kwenye amri ya kufungulia gemu katika Steam. Hiyo huleta toleo lililopunguzwa damu, viungo havikatiki na maiti hutoweka. Gemu haipungui ladha hata kidogo, kwa sababu ladha yake haikuwa kwenye matumbo.

Jambo la mwisho ni wageni wa mtandaoni. Kuna namna ya kucheza wanne kwa wanne, upande mmoja ukiwa mazombi, na ni tamu sana. Lakini hapo sauti za watu usiowajua huingia nyumbani kwako. Neema alijaribu siku moja, na waliposikia ni msichana walimtukana kwa dakika kumi kisha wakapiga kura kumtoa. Tangu hapo tunacheza sisi kwa sisi tu.

Na bado naipa nafasi ya juu miongoni mwa gemu zote ninazoweka, kwa sababu ya usiku wa daraja. Safari ya mwisho, The Parish, inaishia kwenye daraja refu lililojaa magari yaliyokwama, na helikopta inangoja upande wa pili. Haiondoki mpaka kila aliyesimama awe ndani. Mimi na Nick tulikuwa tumefika. Neema alikuwa hatua tano tu. Nyuma kabisa Kevo ameanguka, na Tank, lile zombi jitu, anakuja. Nikapaza sauti, "Neema, ingia!" Akageuka akarudi. Alimwinua Kevo, wakakimbia pamoja mpaka katikati ya daraja, na hapo Tank akawapiga wote wawili wakalala. Helikopta ikaondoka nami.

Kevo alikaa kimya kidogo, kisha akamsukumia Neema ile chaja.

Tuko kwenye kiwango cha tatu cha ugumu sasa, na daraja lile bado hatujalivuka wote wanne.