Mitungi yangu 11 na mzee asiyeitikia shikamoo

Nilimwamkia, hakuitika. Naanzia hapo kwa sababu wiki zimepita na bado hilo linaniuma kuliko hela. Nimesimama mlangoni mwa karakana ya kuchomea vyungu, nimepanda daladala mbili na kukanyaga tope la kutosha, nasema "Shikamoo" kama nilivyolelewa, na yule mzee anaendelea kuperuzi simu. Nikarudia. Kimya. Kisha, bila kuinua macho, akanyoosha kidole kwenye kona penye kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba.

"Mzigo wako ule."

Mzigo niliouacha pale ulikuwa mitungi 11 ya udongo. Ndani ya kiroba palikuwa na vigae vyake.

Jina la karakana silitaji, hata mkiniuliza. Ila niliyoyaona nayasema, kwa sababu wanafunzi wenzangu wanaendelea kupeleka kazi zao kule na wenyewe hawajui.

Nasoma sanaa, mwaka wa mwisho, hapa Dar es Salaam, na fani niliyoichagua ni ufinyanzi. Kufinyanga mjini si shida. Udongo unapatikana, mikono unayo, meza unaweza kuazima. Shida ni kuchoma. Tanuri la umeme si kitu cha kuweka kwenye chumba cha kupanga, na ukithubutu kuwasha moto wa kuni uani, mwenye nyumba atakutolea vyombo nje kabla majivu hayajapoa. Tanuri la chuo lilikuwa limekufa waya muda mrefu. Basi tunabaki na hawa wanaokodisha: unalipia nafasi, wanachoma kazi yako pamoja na za kwao, wanakupigia simu uje uchukue. Unamkabidhi mtu kazi ya miezi, unaondoka, unaomba Mungu.

Mradi wangu ulitokana na mtungi wa bibi yangu mzaa mama, kule Kyela. Ulikuwa mtungi wa Kikisi, wa Wakisi wale wafinyanzi wa pwani ya Ziwa Nyasa, umekaa kwenye mchanga kwenye kona isiyofikiwa na jua, na maji yake yalikuwa baridi kuliko ya friji yoyote niliyowahi kuifungua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naulaza mkono kwenye tumbo lake, narudi na kiganja kibichi. Bibi alikuwa anasema mtungi unatoka jasho. Ni kweli unatoka: maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje, upepo unayakausha, na kule kukauka kunaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliochomwa kwa moto mkali mno unaziba, hautoi jasho, na maji yanabaki vuguvugu. Nilitaka kufinyanga mitungi 11 yenye majasho tofauti. Mmoja uloe tu, mwingine udondoshe tone mojamoja, mwingine uchuruzike. Niipange chumbani, imejaa maji, mtu aingie ashike.

Likizo nilikwenda Matema, nikapanda mtumbwi hadi Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, kwa akina mama wa Kikisi wanaofinyanga. Sikwenda kupiga picha. Nilikaa, nikabeba udongo, nikakosea, nikarekebishwa. Kitu nilichoondoka nacho kikubwa kuliko vyote kilikuwa kidogo sana: mama mmoja alichukua chungu kilichoonekana kikavu kabisa, akakiegemeza shavuni kwake, kisha akakiegemeza changu. "Kikiwa baridi, kiache." Basi. Macho yanadanganywa, rangi ikishapauka unadhani kimekauka. Shavu halidanganyiki.

Nikarudi Dar nikachanganya udongo wangu: wa mfinyanzi, na kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, na pumba za mpunga nilizozichekecha kwa chujio la chai. Pumba zinaungua tanurini zinaacha vitundu. Mitungi mingine niliipa pumba nyingi, mingine kidogo, mingine nikainenepesha kuta. Miezi minne. Mikono ilipasuka. Masika ikaingia, na anayeijua masika ya Dar anajua hata nguo haikauki, sembuse mtungi wenye kitako cha unene wa vidole viwili.

Siku ya kupeleka, mitungi saba ilikuwa mikavu. Minne, ile minene niliyoifinyanga mwisho, bado ilikuwa baridi shavuni. Sikuficha. Nilimwambia yule mzee mbele ya vijana wake: hii saba mnaweza kuchoma, hii minne iacheni wiki moja juu ya tanuri ipate joto, au mkiichoma basi muipashe moto mdogo usiku kucha, mfuniko ukiwa wazi, usivuke nyuzi joto 100. Siku ile alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliitika marahaba, akaniita mwanangu, akasema, "Usiwe na wasiwasi, hii ni kazi yetu." Nikalipa nusu ya 80,000. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha mambo hewani, niliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, BADO MAJI, nikaibandika kwenye mtungi wa mbele kati ya ile minne.

Karatasi ile niliiona siku ya kiroba. Ilikuwa mezani kwake, chini ya chupa ya chai, ina duara la kahawia katikati. Mtu aliibandua kwenye mtungi, akaona inafaa kuwekea chupa.

Nikakaa chini sakafuni nikakifungua kiroba. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini macho yalikuwa yanasoma, maana vigae vinasomeka. Vitako vya ile mitungi minne vilikuwa vimebanduka matabaka matabaka kama chapati. Kingo za mpasuko zilikuwa zimeshika rangi ya moto sawasawa na upande wa nje, maana yake mitungi ilipasuka mapema, moto ukiwa bado mchanga, halafu vipande vikaendelea kuchomwa na vingine mpaka mwisho. Ile minne ikaondoka na mitano mikavu iliyokuwa jirani yake. Miwili tu ilipona, kwa kuwa ilipangwa shelfu ya juu.

Nikamwuliza, kwa adabu bado, kwa nini hamkusubiri?

Akasema, "Uliacha hewa ndani ya udongo. Hewa ndiyo imepasua. Nyie wanafunzi hamjui kukanda."

Hapo ndipo damu ilinipanda kichwani, na naomba mnisamehe nikirefusha kidogo. Huu uongo wa hewa nimeusikia tangu mwaka wa kwanza, na kila mwenye tanuri aliyeharakisha moto anaukimbilia kama mwavuli. Hewa iliyonaswa kwenye udongo ikipata joto inatanuka kidogo, na udongo uliokauka una vitundu, inatoka. Maji ndiyo balaa. Yakivuka nyuzi joto 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo maji. Ukipandisha moto polepole mvuke unapata muda wa kutoka. Ukipandisha haraka haupati njia, unajitengenezea njia. Na mahali pa kwanza ni kitakoni, penye unene. Ndipo ilipopasukia mitungi yangu, yote minne! Mtu aliyechoma vyungu miaka yote hiyo hawezi kuwa hajui. Anajua. Alinitazama usoni akanipa maneno ya kumpa mtoto.

Nikamwonyesha vitako. Nikamwonyesha karatasi yangu chini ya chupa yake. Akaguna.

"Wewe si mwanafunzi? Finyanga mingine. Kwani udongo si wa bure?"

Udongo si wa bure. Nimeubeba mwenyewe kutoka Pugu kwenye basi, gunia liko mapajani. Nimeuloweka, nimeuchuja, nimeukanda usiku umeme ukikatika, kwa tochi ya simu. Hata ungekuwa wa bure, miezi minne si ya bure, na maonyesho yalikuwa yamebakiza siku za kuhesabika. Wahenga walisema udongo upate uli maji. Hawakusema udongo uchome uli maji.

Halafu akanidai. Alitaka nusu iliyobaki, na juu yake nimlipe vyungu vya maua vya mteja wake vilivyopigwa na vipande vya mitungi yangu. Hayo ya vyungu nilikataa mpaka sauti ikanikauka. Ila ile nusu nililipa, kwa sababu mitungi miwili iliyopona alikuwa ameifungia ndani na akasema haitoki bila hela. Nilimtumia kwa simu nimesimama mbele yake. Ujumbe ulipoingia ndipo akainua macho kwa mara ya kwanza siku ile.

Msiende kule. Hilo ndilo nililotaka kuandika, na ningeishia hapo.

Lakini haki lazima niitende, hata kama kalamu inagoma. Kijana mmoja wa pale, fundi wao, alinifuata mpaka getini na ile mitungi miwili ameikumbatia kama watoto mapacha. Akaniambia kwa sauti ya chini: kulikuwa na oda ya vyungu vya maua ya haraka, tanuri lilikuwa na nafasi, bosi akasema jazeni, na uniti za umeme za LUKU zilikuwa zimebaki za kuchomea mara moja. Yeye aliigusa ile minne akasema bado. Akaambiwa anyamaze. "Dada, pole sana. Mimi ningeingoja." Akaniitia bajaji, akaiweka mitungi kwenye kiti kwa mikono yake, akaivingirishia fulana yake kuukuu isigongane. Fulana sijairudisha mpaka leo.

Usiku ule nikaijaza maji. Jamani. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya embe dodo upande uliopigwa na jua, imeenea sawasawa tangu shingo hadi kitako, hakuna doa la moshi, hakuna upande ulioungua na mwingine mbichi. Nimechomea sehemu tatu tangu nianze, na sijawahi kuona moto uliotulia namna ile. Kabla ya alfajiri sahani nilizoziweka chini zilikuwa zimelowa. Mmoja ulikuwa umeota umande mwembamba kama kioo cha dirisha, ule wenye pumba nyingi ulikuwa unadondosha, tone, kimya, tone. Nikaegemeza shavu. Baridi ya kwa bibi. Nililia, na sikujua ni kwa ajili ya miwili ile au tisa iliyobaki kwenye kiroba.

Kwa hiyo tanuri lao ni zuri. Nalisema hadharani. Na kadiri ninavyolisema ndivyo hasira inavyorudi, maana ingekuwa tanuri bovu ningeelewa. Ningesema bahati mbaya. Hawa wanaweza kuchoma mtungi ukatoka vile, na wakaamua kazi ya mwanafunzi ni ya kujazia nafasi.

Chuoni walinipa pole, halafu karibu kila mtu akanipa wazo lilelile: onyesha vigae. Mwalimu wangu, ninayemheshimu sana, alisema mpasuko nao una simulizi. Nilimkatalia. Sikufinyanga vigae. Nilifinyanga mitungi ya kutoa jasho, na kigae hakitoi jasho. Kuvitandika sakafuni na kuviandikia maelezo ingekuwa kumsaidia yule mzee kuita kazi yake mbovu sanaa. Nikaenda kwenye maonyesho na mitungi miwili. Nafasi tisa nikaziacha tupu, na watu waliofika waliishika ile miwili kwa zamu, wazee zaidi kuliko vijana. Mama mmoja aliweka kiganja, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nauza. Siuzi.

Vigae nimevitwanga. Nimeazima kinu kwa mama jirani, nikavitwanga mpaka vikawa kama mchanga, nikavichanganya na udongo mpya, ndivyo wafinyanzi wanavyofanya tangu zamani. Unga wa vigae unaulegeza udongo, unakauka vizuri, haujikunji sana.

Sasa swali la mahali pa kuchomea limerudi palepale. Nimezunguka. Kwingine kote ninakokujua moto haujatulia kama ule. Wiki hii nilimpigia yule kijana kumwambia kuhusu fulana, na kabla sijauliza akasema kuna siku bosi husafiri na tanuri huachiwa yeye. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu hapana. Nikisema nitarudi, najiona msaliti wa mitungi yangu tisa. Nikisema sirudi, namwadhibu mtu pekee wa pale aliyeigusa kwa mkono akasema bado.

Basi niseme hivi: msiende. Na kama hamna budi, msiiache kazi mkaondoka. Ulizeni siku ya fundi kijana, kaeni hapohapo kwenye benchi mpaka tanuri liwashwe, na mwangalieni nani anashika swichi.

Mitungi mipya minne iko juu ya kabati langu, nimeifunika kanga nyepesi ikauke taratibu. Naigusa shavuni kila asubuhi. Leo miwili bado baridi.