Soya: kuinyima maji mapema au kuinywesha mfululizo?

Kwenye tambarare za Moshi ubishi huu hauishi: soya changa inyimwe maji kidogo, au inyweshwe tu?

Kwa gharama, kunyima kunashinda. Dizeli ya pampu inapungua, shina linabaki fupi bila kulala chini, mizizi inazama chini. Ila ni kazi ya macho! Majani yakisinyaa mchana yakainuka jioni, sawa; yakiamka asubuhi bado yamelegea, fungulia maji. Ukipitiliza hadi maua, maua na maganda machanga yanapukutika.

Kunywesha mfululizo hakudai ukaguzi huo, na kwenye udongo wa kichanga ni salama zaidi.

Mwenye udongo mzito na zamu ya mfereji ya uhakika, ajaribu kunyima. Anayebahatisha zamu, asithubutu.