Mashine ya Kwanza ya Polishi: Ununue Ipi Kabla Hujagusa Rangi ya Gari Lako

Gari likitoka bandarini Dar es Salaam huonekana jipya hata kama lina miaka kumi na tano. Mpe mwenyewe miezi sita ya kuliosha barabarani, halafu litazame jua la saa tatu asubuhi likiwa limepiga boneti. Kama gari ni jeusi, utaona utando wa buibui: maelfu ya mikwaruzo myembamba iliyojipanga kuuzunguka mwanga. Mingi haikuja na meli. Imetokana na kitambaa kimoja kilichofuta magari ishirini siku hiyo, kikichovywa kwenye ndoo yenye mchanga chini na sabuni ya unga juu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuuondoa utando huo mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na mfuko wake unaruhusu mashine moja tu. Nimepanga kuanzia ninayoipendekeza hadi ile ninayokuomba usiiguse. Kipimo changu ni kimoja: ukikosea, mashine inakusamehe kiasi gani? Kasi nimeiweka nyuma kabisa, na sababu yake ni unene wa kitu unachokisugua.

Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ina jumla ya mikroni 90 hadi 150. Humo ndani kuna praima, kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ambayo mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50. Chukua karatasi moja ya fotokopi: unene wake ni kama mikroni 100. Klia yote ya gari lako ni nusu ya karatasi hiyo, na mikwaruzo unayoitaka iondoke imo ndani yake. Kupiga polishi ni kuipunguza klia mikroni chache hadi ifike chini ya mikwaruzo. Ukipitiliza, klia hairudi kwa waksi wala kwa dawa yoyote ya chupa. Inarudi kwa fundi rangi, tena anapuliza paneli nzima.

Mimi nilijifunza hili kwenye IST nyeusi ya msimbo 202, rangi ya Toyota inayojulikana kwa ulaini wake. Niliazima rotari, mashine ya polishi inayozunguka mahali pamoja kwa nguvu ya gia. Kwenye ukingo wa fenda ya mbele kushoto nilikaa sekunde chache zaidi ya ilivyofaa, na nilipofuta nikakuta doa lililofifia lenye ukubwa wa sarafu. Liliniuma sana, kwa sababu gari lile nilikuwa nimelisubiri miezi minne. Ndiyo maana mpangilio ulio hapa chini unaanza ulivyoanza.

1. DA ya kawaida, inayozunguka kwa uhuru

Hii ndiyo ya kununua. DA ni kifupi cha Kiingereza "dual action", yaani mwendo wa aina mbili. Pedi yake, ile sponji inayosugua rangi, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inayumba kwa duara dogo, na inajizungukia yenyewe kwa msukumo wa huko kuyumba. Hakuna gia inayoilazimisha kuzunguka. Ukiikandamiza kupita kiasi, au ukiilaza vibaya kwenye kona, inaacha kuzunguka na inabaki inatetemeka tu. Huko kuacha ndiko kunakokuokoa. Joto halipandi haraka, na klia inapungua polepole kiasi kwamba una muda wa kufuta na kutazama.

Kwenye boksi utaona namba ya milimita: 8, 9, 12, 15 au 21. Inaeleza pedi inayumba kwa upana gani. Muuzaji atakwambia kubwa ndiyo bora. Kwenye boneti pana na mlango ulionyooka ni kweli, 15 inafanya kazi laini na haraka, na kama una Prado, Alphard au Noah, chukua hiyo. Kwa Vitz, Passo, IST na ndugu zao, ambazo karibu kila paneli ina mkunjo, mimi nachukua 8 hadi 12, kwa sababu mashine yenye mwyumbo mpana huacha kuzunguka mapema zaidi ikikutana na mkunjo, na utasimama bila kazi kufanyika. Milimita 21 waachie wenye gereji.

Wataliano wa Rupes ndio waliozifanya hizi za 15 na 21 zikajulikana duniani, na bado ni mashine nzuri mno, ila bei yake ni ya mtu anayelipwa kwa kazi hii. Kwa gari lako moja na la shemeji yako, DA ya bei ya kati inatosha. Tazama vitu vitatu: sahani ya nyuma, ile inayobandikwa pedi, iwe ya milimita 125, kwa sababu pedi za kipimo hicho ndizo rahisi kupatikana, swichi ya kasi iwe na hatua sita, na ikiwashwa bila mzigo isikutikise mkono hadi begani. Iwashe palepale dukani. Muuzaji anayekataa kuiwasha, mshukuru uondoke.

2. Mkono wako, na pedi ya sponji

Nimeuweka wa pili nikijua wengi watashangaa. Lakini ukipima kwa msamaha, mkono haushindwi na mashine yoyote. Ni vigumu sana kutoboa klia kwa mkono na kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) nzuri ya kisasa. Hautaondoa utando wa gari zima bila kukuua mabega, na kwenye rangi ngumu utachoka kabla hujaona tofauti. Ila alama za kucha kwenye vishikio vya milango, mstari wa begi juu ya buti, doa la kinyesi cha ndege lililowahiwa: hivyo vinatoka. Kama pesa haijatosha DA, usikope kwa ajili ya rotari. Nunua chupa moja ya kompaundi na sponji mbili, ufanye mlango mmoja Jumamosi hii. Utajua rangi yako ni laini au ngumu, na hilo ni jambo utakalolihitaji hata mashine ikija.

3. DA yenye gia

Inayumba kama ya kwanza, ila gia inailazimisha pedi izunguke hata ukiikandamiza. Flex ya Ujerumani, ile XC3401, ndiyo iliyojenga jina la aina hii. Makita PO5000C ina swichi ya kuchagua kati ya kulazimisha na kuacha huru, kwa hiyo ni kama mashine mbili. Kwa rangi ngumu aina hii inakata vizuri. Tatizo lake kwa mwanafunzi ni kwamba haiachi kuzunguka ikikosewa. Na inavuta mkono upande mmoja, jambo linalochosha kwenye paa. Kama rafiki anaiuza kwa bei nzuri, inunue, lakini anza na boneti, usianze na bampa.

4. Rotari

Ndiyo iliyojaa Gerezani na Kariakoo, na ndiyo utakayoletewa ukiomba "mashine ya polishi" bila kufafanua. Ni ya bei nafuu kuliko DA nzuri, ni imara, na mikononi mwa fundi mzoefu hufanya maajabu. Sina ugomvi nayo. Lakini pedi yake inazunguka mahali pamoja, kwa gia, mizunguko kama 600 hadi 3,000 kwa dakika, na joto lote linakaa palepale ulipo. Ukingo wa paneli, mahali ambapo klia huwa nyembamba zaidi, unaisha kwa sekunde. Hata usipotoboa, ukiilaza kidogo upande inaacha mawimbi ya mwanga yanayoonekana jioni chini ya taa za sheli, na kuyaondoa hayo unahitaji DA. Yaani utainunua ile ya kwanza tu mwishowe.

5. Pedi ya kufunga kwenye drili

Kwa taa za mbele zilizofanya ukungu inafaa. Kwa rangi, hapana. Ni rotari isiyo na mizani wala mshikio.

6. Grenda

Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Imetengenezwa kukata chuma. Nimeona mtu ameifungia pedi ya manyoya na kuanza na mlango wa Harrier. Sitaki kuandika kilichofuata. Usiiguse.

Pesa iliyobaki iende wapi

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea kuliko kwenye mashine yenyewe. Wanamaliza pesa zote kwenye mashine, halafu wanafanya gari zima kwa pedi moja. Pedi ikijaa kompaundi na vumbi la klia inapata moto, haikati, na inaanza kukwaruza upya. Nunua pedi zisizopungua nne za kupolishia na mbili laini za kumalizia, na brashi ya kuzisafisha kila unapomaliza kipande. Rangi za pedi zisikudanganye: ya chungwa ya kampuni moja inaweza kuwa ya kukata, na ya kampuni nyingine ni ya kumalizia. Soma maandishi.

Upande wa dawa, chupa mbili zinatosha: kompaundi ya kati na polishi laini. Meguiar's na Menzerna zinapatikana kwa wenye maduka ya vifaa vya magari wanaoagiza, na zote zina kompaundi zinazomfaa anayeanza. Jihadhari na dawa inayong'arisha papo hapo bila kusuguliwa. Nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo. Ukiosha gari mara tatu, utando unarudi kama ulivyokuwa.

Ongeza udongo wa kusafishia rangi, ule ambao madukani wanauita klei. Mjapani Tadao Kodate ndiye aliyeubuni, nasi wa pwani tunauhitaji kuliko wengi: chumvi ya hewa, vumbi la breki na maji ya kisima huacha punje zinazong'ang'ania klia. Pitisha mkono juu ya boneti iliyooshwa, ukiwa umeuvika mfuko wa plastiki. Ukisikia kama msasa, bado hujawa tayari kuwasha mashine.

Taulo za maikrofaiba kumi, tepu ya mafundi rangi ya kufunika kingo na plastiki nyeusi, na alkoholi ya aisopropili. Hiyo alkoholi ni ya lazima. Ukishasugua kipande, ifute nayo, uone rangi ilivyo kweli bila mafuta ya polishi. Isiwe na mafuta wala marashi ndani.

Mipako ya seramiki iache kwa sasa. Itakaa juu ya makosa yako na kuyafungia humo.

Mtego wa umeme

Hili limewaunguzia wengi. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, na atakayokutumia mjomba wa Marekani ni ya 120. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla hujasikia mlio. Geuza mashine usome kibandiko chake kabla ya kutoa pesa. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini iwe na uwezo unaozidi wati za mashine, na bei yake ukiijumlisha, ile mtumba haikuwa rahisi tena. Angalia pia eksitensheni yako: waya mwembamba wa mita thelathini unapata moto na kuipunguzia mashine nguvu.

Siku ya kwanza

Fungua boneti utafute kibao cha Toyota kilichoandikwa C/TR. Hapo ndipo penye msimbo wa rangi. Kama gari limewahi kupulizwa upya, usijipe uhakika juu ya unene wowote. Kipima unene cha bei nafuu kinasaidia kugundua paneli iliyorudiwa au kuwekwa puti, ila kinasoma jumla tu, hakikwambii klia imebaki kiasi gani, na kwenye bampa la plastiki hakisomi kitu.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi. Saa nne, acha kazi, nenda chai. Kwenye bati la moto dawa inakauka kabla haijafanya kazi.

Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti. Polishi laini kwanza, matone manne kama punje za choroko, swichi namba 4. Sogeza mashine polepole, kama sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Kwanza kulia na kushoto, kisha juu na chini. Chora mstari wa kalamu kwenye sahani ya nyuma ili uone kama pedi inazunguka. Futa, pitisha alkoholi, mulika kwa tochi ya simu. Kama utando umetoka, umepata dawa ya gari zima, usitafute kali zaidi. Kama haujatoka, panda hatua moja: kwanza badilisha dawa, kisha pedi.

Mkwaruzo unaonasa ukucha, uache. Uko chini kuliko unavyoruhusiwa kwenda.

Na ukingoni, kwenye ile mistari mikali ya milango na fenda, zima mashine uchukue sponji.