Lori la jeshi la zamani: kabla hujaulizia injini, lala chini uangalie breki

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinafanana. Mtu yuko Texas, Georgia au Minnesota, ana kashamba kake au anafanya kazi ya kukata miti, kaona M35A2 inauzwa, lile lori la jeshi la Marekani la tani mbili na nusu lenye ekseli tatu, muuzaji anamwambia injini ya zamani tumeitoa tumeweka Cummins, injini ya dizeli ya kampuni ya Marekani, ndo maana bei iko juu, alafu kuna mwingine mtaa wa pili ana la kwake halijaguswa kabisa na bei ni nafuu, so dada nichukue lipi? Nilikuwa najibu mmoja mmoja. Kilichonifanya nikae niandike yote kwa pamoja ni kaka mmoja aliyechukua lile la injini mpya, linawaka vizuri, linavuta vizuri, akaanza kushuka mteremko amebeba magogo, anakanyaga breki pedali inaenda mpaka sakafuni hakuna kitu. Mpira mmoja wa breki wa ekseli ya nyuma, ule unaopitisha mafuta ya breki, ulikuwa umepasuka. Mmoja tu! Alipona kwa kurudisha gia na kuvuta hand breki kwa mikono miwili. Muuzaji alipopigiwa simu akajibu "mimi nilikuuzia injini".

Kwa hiyo leo siongelei kutu, siongelei turubai, siti wala rangi, hayo mtu yeyote mwenye macho anayaona. Naongelea mfumo wa kuendesha lori, injini mpaka difu, uachwe ulivyo au ubadilishwe, na nauongelea kupitia breki kwa sababu ndo kitu ambacho watu hawakiulizi kabisa.

Iko hivi. M35A2 ina tairi kumi, breki kwenye vituo sita, na vyote sita vinalishwa na masta silinda MOJA, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, yenye njia MOJA ya mafuta. Magari madogo ya Marekani yalilazimishwa kuwa na njia mbili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwamba mbele ikivuja nyuma inabaki, lakini lori hili ni mchoro wa miaka ya 1950 na jeshi likaendelea nalo hivyohivyo. Watu wanasikia lina upepo wanadhani ni breki za upepo kama za semi. Hapana. Upepo pale unasaidia kusukuma tu, kinachobana drami ni mafuta, upepo ukiisha bado utasimama kwa kukanyaga kwa nguvu zako zote ila mafuta yakiisha umebaki na maombi. Na hiyo masta silinda yenyewe imejificha chini ya sakafu ya kabini upande wa dereva, ukifungua boneti huioni, so kuna malori yamepita mikononi mwa watu watatu wanne na hakuna aliyewahi kuangalia kama ina mafuta.

Kinga yako ya pili ni hand breki, na hii ndo inaungana na hadithi ya kubadilisha injini na giaboksi. Hand breki ya M35A2 haiko kwenye magurudumu, ni drami iliyofungwa nyuma ya transfa, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwenda ekseli za mbele na za nyuma, inashika propela shafti. Maana yake sili ya nyuma ya transfa ikivuja, oili inaingia kwenye hiyo drami na hand breki inateleza. Propela shafti ikikatika, hand breki haishiki chochote. Na fundi akiamua kubadilisha transfa au kuisogeza ili giaboksi mpya iingie, mara nyingi kitu cha kwanza kutupwa ni hiyo drami au ile lever yake kwa sababu inamzibia njia. Nimeona picha za malori "yaliyoboreshwa" ambayo hand breki ni kijishimo tu kwenye sakafu, na bei yake inakutoa machozi.

Kinga ya tatu ni injini yenyewe, ukirudi gia ndogo inakushikilia. Sasa watu wengi wakiweka Cummins wanaweka na Allison AT545, giaboksi ya otomatiki, kwa sababu zinapatikana kwenye mabasi ya shule na ni rahisi kuendesha. Torki konveta ya AT545, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na gia, haijifungi, haina lokapu ya kuviunganisha moja kwa moja, kwenye mteremko injini haishikilii gari vizuri na mzigo wote unarudi kwa nani? Kwa ile masta silinda moja.

Alafu kuna hesabu ambayo muuzaji hawezi kukufanyia. Difu za M35A2 zina uwiano wa 6.72, yaani propela inazunguka mara 6.72 tairi ikizunguka mara moja, gia ya tano ya giaboksi yake ya asili, Spicer 3053A, ni ovadraivu, inazungusha propela haraka kuliko injini, tairi ni 9.00-20, ukizungusha injini mizunguko 2,600 kwa dakika unapata maili 56 mpaka 58 kwa saa, kama kilomita 90 na kidogo. Sasa ondoa injini weka nyingine yoyote unayoijua wewe, mizunguko ni ileile 2,600, difu ileile, tairi ileile: spidi ni ILEILE. Utapanda mlima vizuri zaidi, sikatai, ila hutakimbia zaidi. So mtu akishalipia injini anagundua hilo, anaenda kufunga tairi kubwa za 395/85R20 au 14.00R20 apate maili 65 na kuendelea. Tairi kubwa inaipa breki kazi ngumu zaidi, drami hazijaongezeka hata kidogo, spidi imeongezeka, na mpira wa breki ni wa kabla hujazaliwa. Kila hatua inadai breki zaidi na hakuna hata hatua moja iliyogusa breki. Hilo ndo linaloniudhi.

Haya, mpangilio wangu. Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Cummins, nazipenda, spea zake zipo kila kona na mafundi wanazijua, na bado nawaambia hivi:

1. M923A2, lori lililozaliwa na Cummins

Ukitaka Cummins nunua lori ambalo kiwanda kiliweka Cummins. Hii ni ya familia ya M939, tani tano, A2 inakuja na Cummins 6CTA ya lita 8.3, nguvu farasi 240, Allison MT654 ya otomatiki, na unaweza kujaza na kupunguza upepo wa tairi ukiwa umekaa kwenye siti. Breki ni za upepo kweli, na upepo ukipotea springi za nyuma zinabana zenyewe, yaani hitilafu inakusimamisha badala ya kukuachia. Injini, giaboksi, transfa, difu na breki vilipangwa vifanye kazi pamoja kwa uzito uleule, na hicho hakuna gereji ya uani inayoweza kukuuzia.

Ina ubaya wake. Ni kubwa na nzito, na jeshi lenyewe lilifika mahali likaziwekea kikomo cha maili 40 kwa saa baada ya ajali za kupinduka na kuteleza, mpaka zifungwe ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki. So uliza hilo la kwanza kabisa, ABS imefungwa au haijafungwa, na uangalie sheria ya leseni ya jimbo lako kwa sababu uzito wake si wa mchezo.

2. M35A2 ambayo haijaguswa, injini yake ya asili, na wewe uguse breki tu

Hapa ndo najibu swali lenu lenyewe: kati ya M35A2 mbili, chukua ile ambayo haijaguswa. Injini ya LDT-465-1C, silinda sita, lita 7.8, turbo, inatoa farasi kama 130 hadi 140, turbo zake zingine zinapiga filimbi ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Inaitwa multifuel kwa sababu inakula dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli ukibanwa, inatumia mfumo wa MAN wa Ujerumani ambapo mafuta yanapulizwa kwenye ukuta wa bakuli la pistoni badala ya katikati ya hewa. Watu wanaisema vibaya kwamba inatupa konrodi nje. Inatupa kwa anayeizungusha kupita 2,600, na kwenye mteremko ndo inazidi bila mtu kujua kwa sababu magurudumu ndo yanaisukuma. Iheshimu hiyo namba, badilisha oili, usiipulizie etha asubuhi, itakaa.

Angalia kibao cha injini, kama ilifanyiwa upya depo ya jeshi kama Tooele kule Utah kitasema. Na usidanganyike na maili chache kwenye dashibodi, lori likifanyiwa upya depo mara nyingi mita inaanza upya, lori la 1971 lenye maili 8,000 huenda limetembea zaidi ya hizo.

Kisha ile hela ambayo ungempa mtu kwa ajili ya Cummins, sehemu yake ndogo tu weka masta silinda ya njia mbili, mbele na nyuma zitengane, badilisha mipira yote ya breki na silinda za magurudumu. Hapo una lori ambalo nitakaa ndani yake na watoto wangu. Mafuta ya breki jeshi lilihamia kwenye ya silikoni, DOT 5, usichanganye na DOT 3 ya dukani eti zote ni breki. Kama hujui iliyomo ni ipi, mwaga yote usafishe.

Namna ya kukagua, na hapa msinifanyie haraka. Zima injini, kanyaga pedali mara nyingi mpaka upepo uishe, alafu ikanyage uishikilie kwa nguvu. Ikae pale. Ikizama polepole kuna mahali panavuja, ndani au nje. Pita kila gurudumu ukiangalia upande wa NDANI wa tairi na bamba la drami, ukiona mstari uliolowa ni silinda au ni sili ya ekseli, na yote mawili yanalowesha breki. Lala chini, fuata bomba kuanzia masta silinda mpaka nyuma, pinda kila mpira kwa mkono, ukiona nyufa ujue. Alafu kwenye mlima mdogo weka nyutro vuta hand breki, mwenzio akiwa ameshika kabari za mbao za kuzuia tairi. Lori lishike lenyewe. Muuzaji akisema "hiyo hand breki ni ya kurekebisha kidogo tu" mwambie arekebishe ukiwepo.

3. M35A2 iliyowekwa Cummins 6BT

Sisemi usinunue. 6BT ya valvu 12, zile za pikapu za Dodge za 1989 mpaka 1998, ni injini nzuri sana na inaingia bila kukata fremu. Ila torki yake, yaani nguvu ya kusokota, hata ikiwa ya kiwandani inafika paundi-futi 400 na zaidi, ile ya asili ni 300 na kitu, na giaboksi ya Spicer, transfa na propela zilipangiwa ile ya asili. So nitalinunua kwa masharti: breki zimegawanywa njia mbili, hand breki ya transfa ipo na inashika, giaboksi ni ya kawaida sio AT545, na pampu ya dizeli haijafunguliwa imwage mafuta mengi moshi uwe mweusi kwa ajili ya video. Kikikosekana kimoja bei ishuke. Vikikosekana vyote unanunua injini iliyokaa juu ya tatizo.

4. M35A3

Hii jeshi lenyewe ndo lilibadilisha, miaka ya 1990, Caterpillar 3116 na Allison ya otomatiki, na jambo moja walilofanya sawasawa ni breki za njia mbili. Nzuri. Mimi sio mtu wa Caterpillar basi.

Za bei rahisi

Zenye LD-465 isiyo na turbo, sawa kwa shambani. Zilizokatwa ekseli moja zikabaki na tairi chache, sizigusi. GMC CCKW ya vita vya pili, ile iliyobeba mizigo ya Red Ball Express, msafara wa malori wa jeshi la Marekani huko Ulaya 1944, hiyo hata usiulize kubadilisha, injini yake ya petroli ya inchi za ujazo 270 iache, inaenda maili 45 kwa saa na hiyo inatosha kwa breki zake.

Sasa wauzaji. Tangazo lina picha 40, thelathini za injini iliyopakwa rangi, tisa za lori jua linazama, moja ya muuzaji mwenyewe. Chini ya lori hakuna hata moja. Rangi mpya ya kijani juu ya kutu inaitwa "imerudishwa upya" na bei inapanda maradufu, ukiuliza mipira ya breki ni ya mwaka gani anakuona msumbufu. Kuna mwingine aliniambia hakuna mteja aliyewahi kumuuliza breki, akasema kama jambo la kujivunia. Mipira ya breki ni kati ya spea za bei ndogo kabisa kwenye lori zima jamani! Anayeuza lori kwa maelfu ya dola na hajabadilisha mipira hajakosa hela, ameamua.

Na mnaouliza kulipeleka nyumbani: Kenya hapana, kuna kikomo cha miaka 8 na usukani wa kushoto haukubaliki, usilipie meli kwa matumaini. Tanzania kuna kodi ya uchakavu juu ya kodi nyingine, so ongea na wakala wa forodha akupe hesabu kwa maandishi kabla lori halijaondoka bandarini huku, na kama halijagawanywa breki ligawanye hukohuko uliko, maana masta silinda ya hili lori hutaikuta Kariakoo.