Maxima imenila siku mbili, nikaapa kuifuta

Nimeghadhibika na sifichi. Bamvua iliyopita nilikaa na Maxima, programu ya kompyuta ya kukokotolea hesabu, siku mbili nzima, hapa Wete, kwa jambo la dakika moja.

Shangazi yangu analima mwani. Anashuka pwani maji yakipwa, na kuna siku maji yanarudi yakamkuta bado anafunga kamba. Nikasema nitamtengenezea hesabu. Ni mawimbi mawili: la mwezi linajirudia kila saa 12.42, la jua kila saa 12. Ukiyajumlisha, bamvua na maji mafu yanapokezana yenyewe, bamvua hadi bamvua siku 14 na kitu. Mtajo huo, yaani jumla ya mawimbi hayo mawili, nikauandika kwenye Maxima, nikauita h, t ikiwa saa. Hapo sina lawama.

Balaa lilianza nilipotaka kuugeuza mtajo kuwa fankisheni, niipe saa inipe kina. Nikaandika kina(t) := h, kama ningeandika ubaoni. Nikauliza kina(3). Ikanirudishia mtajo uleule, t zimekaa palepale, 3 yangu imemezwa. Hakuna onyo! Nikajaribu kasi ya maji kupanda na kushuka, kwa diff, amri ya kutafuta badiliko: kasi(t) := diff(h, t). Kuuliza kasi(3), ikagoma, eti panapotakiwa kigeu imekuta 3. Nani aliyesema anatafuta badiliko kwa kufuata 3? Nasomesha hesabu kidato cha sita, hilo sikuliandika mimi.

Nikaenda kwenye maabara moja ya kompyuta kuuliza. Kijana wa pale hata skrini hakuiangalia. "Weka alama za nukuu, bi mkubwa," akarudi kwenye simu yake. Nikaweka kina(t) := "h". Kuuliza kina(3), jibu: h. Herufi h! Nikamrudia, akapaza sauti mbele ya wanafunzi wangu: "Mwalimu wa hesabu hujui alama za nukuu?" Wallahi nilitoka pale natetemeka.

Kumbe alikusudia vikoma viwili vya juu, kimoja baada ya kingine, vinavyobandikwa mbele ya h: kina(t) := ''h. Kwa macho havitafautiani na ile alama moja ya mistari miwili. Kwa Maxima ni mbingu na ardhi. Hilo hakulisema, na ndilo lililokuwa la kusema.

Usiku nikafungua mwongozo mwenyewe, nikakutana na amri inayoitwa define. Nikaandika define(kina(t), h), kisha define(kasi(t), diff(h, t)). Namba zikaja! Nilipiga kelele hadi watoto wakaamka. Sababu nayo ikanidhihirikia. Ile := haikokotoi upande wa kulia, inauhifadhi kama ulivyo mpaka siku utakapoiita. Ukiita kwa 3, t imeshakuwa 3, ndipo diff ikaambiwa ifuate 3. Na kwenye kina, upande wa kulia hapakuwa na t ya kuonekana, palikuwa na h tu. Define inakokotoa kwanza, ndipo inaunda fankisheni.

Nilikuwa nimeapa kuifuta. Siifuti. Ni ya bure, na skuli zetu haziwezi kulipia leseni kila mwaka. Lakini pia siisamehi haraka hivyo: asili yake ni Macsyma, iliyoanza MIT, Marekani, mwaka 1968, na mpaka leo mtu akiandika kina(t) := h hapati hata mstari mmoja wa kumzindua. Lau ningeandika maoni haya jana ningesema msiipakue kabisa. Leo nasema ipakueni, na mwanafunzi afundishwe define siku ya kwanza, kabla ya := yenyewe. Nikikumbuka zile siku mbili, hasira inarudi.

Shangazi nimemuandikia saa za maji kwenye karatasi, za kukadiria tu, ameibandika jikoni. Kule maabara sijarudi. Angenyanyua macho akaona nilichokiandika, ningefika nyumbani kabla ya magharibi.