Mbegu za majike: mrija unaomfaa mtamba, si kila ng'ombe bandani

Mfugaji wa Rungwe mwenye ng'ombe wawili hana nafasi ya kulisha ndama dume. Eneo ni dogo, limebanwa na migomba na chai, na mabingobingo ya kutosha ng'ombe wawili ndiyo hayo hayo yanayokatwa kwa shida kiangazi. Ndiyo maana mrija wa kuhimilishia (kupandisha ng'ombe bila dume) wenye mbegu zilizotenganishwa jinsia, ambazo wengi wanaziita mbegu za majike, unaulizwa sana kuanzia Uyole hadi Tukuyu. Ahadi yake ni ya kweli: katika mimba 10 zinazoshika, ndama 9 hivi huwa majike. Lakini bei yake iko juu ya mrija wa kawaida, na mbegu zenyewe ni chache na zimechoka. Anayeununua bila kujua hilo hupoteza hela yake na siku 21 za kusubiri joto lingine, yaani ng'ombe kutaka dume tena.

Mbegu inayozaa jike ina vinasaba vingi kidogo, karibu asilimia 4 zaidi ya ile inayozaa dume. Maabara huzipaka rangi, huzipitisha moja moja mbele ya mwanga wa leza, kisha mashine huzitenga. Kazi hiyo huzichosha. Mrija wa kawaida huwa na mbegu milioni 15 hadi 20. Huu huwa na milioni 2 hadi 4 tu, nazo haziishi muda mrefu ndani ya kizazi. Tuseme mrija wa kawaida unashikisha mimba ng'ombe 50 kati ya 100. Huu utashikisha kama 40. Hata hivyo hesabu ya majike bado inaupendelea: 40 hizo zitakupa majike 36, wakati 50 za kawaida zitakupa 25 hivi. Faida ipo, ila inakuja kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake anashika mimba kwa urahisi tangu mwanzo.

Ng'ombe huyo kwa kawaida ni mtamba, jike ambaye hajazaa. Hajakamuliwa bado, mwili haujadaiwa maziwa, na kizazi hakijawahi kupata madhara ya kondo kukwama. Faida nyingine ni kwamba ndama jike huwa mwepesi kuliko dume, kwa hiyo uzazi wa kwanza unakuwa rahisi zaidi. Mtamba awe amefikisha asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake, na uzito upimwe kwa utepe wa kifua. Umri peke yake unadanganya: wapo mitamba wa miezi 20 waliolelewa kwa migomba mitupu ambao bado hawajafika. Mgomba ni maji mengi na protini kidogo. Bila mashudu, desmodiamu au majani mengine ya jamii ya kunde, pamoja na jiwe la madini, mtamba hata joto haonyeshi vizuri. Ng'ombe mzima anaweza kupewa mbegu hizi iwapo amepita siku 60 tangu azae, ana afya na huko nyuma alishika kwa mrija mmoja. Anayerudi joto kila mara asiguswe nazo. Tatizo lake halitibiwi na mrija wa gharama.

Wakati wa kupandisha ndipo wengi wanapokosea. Tumezoea kwamba joto likionekana asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Kwa mbegu za majike hiyo ni mapema mno, kwa sababu zitakufa yai likiwa bado halijashuka. Muda mzuri ni saa 16 hadi 24 tangu ng'ombe aanze kusimama apandwe na wenzake. Akianza saa 12 asubuhi, muda unafunguka saa 4 usiku, na kwa barabara za Isongole wakati wa mvua hakuna pikipiki itakayokuja saa hiyo. Mwite afike alfajiri ya kesho yake, kabla saa 24 hazijaisha. Akianza saa 12 jioni umepata bahati: kesho yake kuanzia saa 4 asubuhi hadi jioni inatosha. Mwenye ng'ombe mmoja bandani hana wa kumpanda, basi atazame ute mwangavu unaovutika kama uzi, kulialia, na maziwa kupungua ghafla. Aandike saa. Neno "jana jana hivi" halimsaidii mhimilishaji.

Huduma yenyewe ihukumiwe kwa mambo yanayoonekana kwa macho. Mbegu zinahifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukipungua hakuna dalili itakayoonekana kwenye mrija. Mwombe mhimilishaji apime kina cha nitrojeni kwa kijiti chake mbele yako. Mrija ukitolewa uingie kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa sekunde 30 hadi 45. Kisha ufutwe ukauke kabisa kabla ya kukatwa, kwa kuwa tone moja la maji likiingia linaua mbegu. Jambo ambalo wengi wanaliacha kwenye baridi yetu ni bomba la kupandishia: likiwa la baridi, mbegu zilizokwisha kupashwa zinapata mshtuko. Mhimilishaji mzuri hulisugua kwa karatasi mpaka lipate joto, hupakia mrija, kisha huliweka ndani ya shati mpaka afike kwa ng'ombe. Mbegu ziachwe mara tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi, taratibu, bila haraka ya kwenda kwa mteja mwingine.

Mrija unachagua jinsia tu. Maziwa yanatoka kwenye ukoo. Usipeleke mbegu hizi kwa mtamba ambaye mama yake alikuwa hakamuliki vizuri, maana utapata jike mwingine wa aina hiyo hiyo. Hata ukoo bora huongeza nafasi bila kuhakikisha. Zenyatta, farasi jike wa mbio wa Marekani, alishinda mbio 19 kati ya 20, lakini watoto wake wawili wa kwanza walioingia uwanjani hawakushinda hata moja. Farasi wa aina yake, Thoroughbred, akizaliwa kwa kuhimilisha hasajiliwi. Jike hupelekwa kwa dume na huzaa mmoja kwa mwaka. Sisi tuna uhuru wa kuchagua dume kutoka orodha za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, au za waagizaji, basi uhuru huo utumike. Kwa mtamba wa Friesian mwenye mwili mdogo, dume wa Jersey hupunguza hatari ya ndama kukwama.

Kabla ya kulipa, ulizeni kama kurudia kunalipiwa upya, na mwandikiwe namba ya dume iliyo kwenye mrija. Bila namba hiyo, miaka miwili baadaye binti atapandishwa kwa baba yake. Mtazameni ng'ombe siku ya 18 hadi 24. Akitulia, mimba ipimwe kwa mkono baada ya siku 60. Akirudi joto mara mbili, ya tatu iwe mrija wa kawaida.